Upande Wenye Gundi

Fundi hakuwa na habari na mstari aliouchora. Wewe unaweza kuwa umesimama unashangaa tangi la pikipiki linavyong'aa, yeye yuko pale mlangoni kwenye mwanga, ameigeuza tepu aliyoibandua sasa hivi, anasoma upande wenye gundi. Kama rangi imepenya chini ya tepu, ikaacha hata alama ya ukubwa wa punje ya ulezi, anaiviringisha na kuibandika kwenye donge. Donge lilikaa juu ya rafu, la tepu zote zilizoharibu kazi tangu aanze, na nilipolikuta mimi lilikuwa limeshafika ukubwa wa boga. Kama tepu imetoka safi, anaibandika kwenye mwimo wa mlango. Mwimo ule ulinenepa mpaka mlango ukagoma kufunga.

Nilikuwa jirani yake pale senta ya Bugarama miaka kumi na moja, ukuta wa mabati katikati yetu. Mimi nachomelea mageti, yeye anayapaka rangi. Na katika miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja, cha kijinga, nakiri mwenyewe: tepu yangu mimi, hata moja tu, kwenye ule mwimo.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa haraka. Shuleni nilitoka kidato cha pili kabla kengele haijalia, na mpaka leo sijarudi kusikiliza kama ililia.

Fundi alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mwembamba, kitenge juu ya suruali ya kiume yenye rangi zote za dunia. Wateja wageni walikuwa wanafika, wanaangalia huku na huku juu ya kichwa chake. "Shikamoo mama. Fundi yuko wapi?"

"Marahaba. Ametoka. Niachieni kazi, nitampa."

Wanaacha. Wanarudi kesho kutwa, pikipiki imechorwa miali ya moto mpaka unaogopa kuishika, wanasema, "Mama, mwambie huyo mzee ana mkono."

"Nitamwambia," anasema Fundi. "Atafurahi sana."

Mimi upande wa pili wa mabati nakaribia kumeza elektrodi kwa kicheko.

Jina langu kwake lilikuwa Cheche. Lilitokana na kesi. Mwezi wa kwanza tu wa ujirani wetu nilikuwa nakata bomba kwa mashine ya jiwe, vumbi la chuma likavuka ukuta likatua juu ya geti jeupe ambalo halijakauka. Asubuhi ya pili geti lina madoa ya kutu kila mahali. Alilibeba mwenyewe, akaliegemeza mbele ya kibanda changu.

"Tazama. Umempa tetekuwanga."

Akatunga sheria pale pale. Akining'iniza kitambaa chekundu juu ya ukuta wa mabati, mimi nazima mashine, sikati, sichomelei, sipigi nyundo. Sasa mtu kama mimi ukimzimia mashine atafanya nini? Nilikuwa nazunguka kibanda changu kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho nakwenda kwake kuchungulia. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi yake. Sikupelekwa na mtu, na hakuna aliyeniita. Nilisukumwa na kukosa utulivu.

Watu wanadhani kazi ya rangi ni rangi. Yeye alisema rangi ni kama mbuzi: usipoteze muda kumfundisha mbuzi adabu, zungushia shamba ua. Ua ndio kazi. Na kila shamba lilikuwa na ua wake.

Kwa mistari iliyonyooka alitumia tepu ya karatasi, lakini si ile ya kwanza utakayouziwa. Dukani alikuwa hanunui kabla hajaijaribu, na alijaribia kwenye mkono wangu, kwa sababu wake hauna nywele. "Leta mkono, Cheche." Anabandika, anasali Salamu Maria moja kwa kasi yake ya kawaida, anabandua. Ikitoka na nywele zote: "Kali hii, itang'oa rangi ya chini." Ikianguka yenyewe kabla ya Amina: "Hii ni ya kufungia zawadi." Aliitaka ile inayotoka na nywele mbili tatu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na upara miaka kumi na moja.

Kwenye kona na mapindo ya tangi alichukua tepu nyeusi ya mafundi umeme, kwa sababu inavutika na kulala inapotaka mwenyewe. Kwenye mipira ya madirisha alipaka mafuta ya mgando. Kwenye kioo, sabuni ya mche iliyoloweshwa. Sehemu kubwa alizifunika kwa karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ameibandika kwa uji wa muhogo, kazi ikiisha unamwagia maji inateleza yenyewe. Siku moja nilimletea magazeti, nimeyakusanya kwa bidii, nasubiri sifa. Akayasukuma. "Gazeti lina maneno mengi. Litaacha habari zake kwenye rangi nyeupe."

Na zile picha nyeusi za eksirei ambazo watu hupewa hospitalini, alizikata kwa wembe kutoa nyota, almasi, mabawa. Kabla ya kukata alikuwa anaiinua kwenye mwanga, anatazama kifua cha mtu asiyemjua, anamwombea kidogo kwa Kirundi. Halafu wembe. Kuna mbavu za mtu mmoja zilizotoa nyota kwa nusu ya bodaboda za Bugarama, na mwenyewe hajui, Mungu amweke.

Alikuwa na mambo yasiyokaa chungu kimoja. Aliyepaka vizuri kuliko wote pale senta alikuwa na mlango ambao haujawahi kuonja rangi. Aliandikia mabango maduka yote, lakini kibanda chake hakikuwa na bango. Nilimuuliza.

"Nikikosea la mtu, narudia. Nikikosea langu nitamlalamikia nani?"

Na alikuwa ananikataza haraka mtu ambaye mwenyewe hajawahi kukaa kitako. Rangi ikiwa inakauka anafagia. Amemaliza kufagia ananyunyiza maji chini ili vumbi lilale. Lori likipita linaamsha vumbi lote upya, anatoka mpaka barabarani kulisema, lori limeshafika mlima wa pili yeye bado analisema. Anarudi, anagusa ukingo wa tepu kwa ukucha.

"Sasa?" nauliza mimi.

"Bado."

Nakwenda, narudi. "Sasa?"

"Oya, bado."

"Fundi, itakauka mpaka lini?"

"Cheche, mkeo alivyobeba mimba ulikuwa unamgongea tumbo?"

Kwa sababu, na hili ndilo lililonichukua miaka kuelewa, kubandua kuna saa yake. Ukibandua mapema rangi inatambaa, mstari unapata ndevu. Ukichelewa rangi imeshaigandia tepu, inatoka nayo kama ngozi. Katikati hapo kuna muda mdogo, na muda huo hauonekani kwa macho. Yeye aliujua kwa ukucha na kwa pua. Na hakumwachia mtu. Kubandika unaweza kumsaidia, kukata unaweza, kubandua ni yeye. "Kubandua ni kwangu," alisema, kama mtu anayezungumzia kitanda chake.

Sasa nije kwenye milango ya kigango.

Walikuwa wamejenga kanisa jipya la kigango kule Nyabusozi, Biharamulo. Milango miwili ya chuma nilichomelea mimi, na Fundi akapewa kuipaka. Alitaka iwe myeupe, na pembeni mapambo ya vifuniko vya vikapu, zile pembetatu nyeusi na za rangi ya udongo zinazopangana kama meno. Padri alikuwa anakuja kubariki Jumapili. Jumatano nyeupe imekauka, Fundi akaitwa msibani. Akaniambia, "Funika hii sehemu ya chini kwa karatasi ya saruji na uji, usifanye kingine."

Karatasi ikaisha nusu ya mlango.

Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nikaangalia nyuma ya kibanda, kuna mgomba. Gome la mgomba bichi: pana, laini, baridi, na linajishikilia lenyewe bila gundi. Nikasema moyoni, Cheche, leo umegundua kitu. Nikachuna, nikabandika, nikasimama mbali kidogo kujiangalia kazi.

Nikukumbushe kwamba nimezaliwa kwenye migomba. Nimekula ndizi kabla sijaota meno. Mama yangu amenichapa si mara moja kwa ajili ya utomvu wa mgomba kwenye shati la shule, kwa sababu kila mtoto wa huku anajua utomvu huo hautoki, shati linazeeka, linakuwa dekio, doa bado lipo. Mimi nilijua hivyo kwenye shati. Kwenye mlango sikukumbuka.

Fundi aliporudi nilikuwa nimeshabandua magome. Mlango mweupe ulikuwa na michirizi ya kahawia kutoka katikati mpaka chini, kama mtu amemwaga chai kutoka mbinguni. Akausogelea. Akagusa. Akanusa.

"Mgomba," alisema.

"Fundi..."

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Wa hapa hapa," akarudia taratibu, kama mtu anayesoma cheti cha kifo. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilipoisha akafunga kitenge vizuri, akasema, "Lete msasa."

Nikapendekeza tupake nyeupe juu yake yaishe. Akasema utomvu utapanda tena, utapenya nyeupe mbili, tatu. Tukapiga msasa, tukapaka rangi ya silva kwanza kuuziba, halafu nyeupe, halafu tena nyeupe. Alhamisi, Ijumaa. Kila mkono wa rangi unasubiri, na mimi natembea, yeye anatembea, tunapishana mlangoni kama watu wawili wenye tumbo la kuendesha. Ijumaa jioni tukaanza kubandika tepu za meno. Alizikata kwenye kipande cha kioo kwa wembe, nyembamba kama tambi.

Jumamosi saa sita mchana akaanza kubandua. Mlango wa kwanza wote, tepu safi, moja baada ya nyingine. Kwenye mlango wa pili nikaona kitu. Tepu ilikuwa inatetemeka kabla haijatoka. Nikatazama vizuri, ulikuwa mkono. Akauficha ndani ya kitenge.

"Baridi," alisema. Jua lilikuwa linachoma mpaka bati linalia.

Akajaribu tena, mkono ukakataa tena. Akaugeukia ukuta, akaugeukia mlango, akanigeukia mimi.

"Shika hiyo tepu ya chini."

Miaka yote nilisubiri kauli hiyo, na ilipokuja niliitamani irudi ilikotoka. Akanielekeza: rangi imekuwa nene kwa sababu ya mgomba wako, kwa hiyo kwanza pitisha wembe pembeni. Halafu ikunje tepu ijirudie yenyewe. Halafu vuta polepole, kama unamshusha mtoto aliyelala mgongoni.

Nikapitisha wembe. Nikakunja. Nikavuta. Meno yakaanza kutoka, makali, safi, nikasikia Fundi nyuma yangu anapumua kwa pua. Nikafika nusu. Nikafika robo tatu. Hapo nikasikia lori la kubebea milango linapiga honi barabarani, na mwili wangu huu, ambao hakuna aliyeutuma, ukavuta.

Ngozi nyeupe ikatoka na tepu. Kipande kama kidole gumba.

Angenitukana ningeshukuru. Alichukua tepu, akaigeuza, akaisoma, akaibandika kwenye donge. Halafu akachukua brashi ndogo kabisa, akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na hivyo hivyo, mikono miwili kwa brashi moja, akalijenga lile jino upya. Dereva anapiga honi, yeye anajenga.

Jumapili kule Nyabusozi hakuna aliyeona kitu. Padri alisifu milango mbele ya watu wote, akasema tumshukuru fundi wetu, akaninyooshea mkono mimi. Makofi. Nikafungua mdomo kusema siyo mimi. Fundi akanifinya kiunoni.

"Pokea," akaninong'oneza. "Lile jino bovu ni la kwako kweli."

Tulisimama nyuma mpaka misa ikaisha, kanisa lote linatazama altare, sisi wawili tunatazama jino.

Baada ya hapo kitambaa chekundu kilikuwa kinaning'inia mara chache zaidi, halafu hakikuning'inia. Mikono ilikuwa inamkataa, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Binti yake akaja kumchukua akakae naye Nyantakara. Siku ya kuondoka Fundi alinipa kile kioo cha kukatia tepu na kitambaa chekundu. Donge akalibeba mwenyewe mapajani.

"Hilo la nini, Fundi?"

"Nikiwa na majivuno nitaliangalia."

Mwimo hakuweza kuubeba. Kibanda alipangishwa mtu wa kuuza unga, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuukwangua mwimo kwa panga ili mlango ufunge. Nilisikia panga linakwangua kutoka upande wangu. Nikawasha mashine ya kukata bomba. Bomba lenyewe sikuwa nalo.

Kwa hiyo sasa nilikuwa fundi wa rangi wa senta, ndiyo, mimi, mcheke tu, na tepu zangu zikitoka safi hakuna mahali pa kuzibandika. Nilikuwa naziviringisha natupa, nzuri na mbaya pamoja. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kama kijiwe kwenye kiatu.

Mwaka huu kijana wa bodaboda akaniletea helmeti niichore. Helmeti ni mtihani: haina sehemu hata moja iliyonyooka. Nikaipaka nyeupe, nikaibandika tepu siku nzima, meno ya kikapu yanazunguka kichwa chote. Nilipofika kwenye rangi ya mwisho nikasimama. Nikaitia helmeti kwenye boksi, rangi na brashi kwenye mfuko, nikapanda pikipiki, nikaelekea Nyantakara. Mke wangu aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia kubandua tepu. Hakuuliza tena. Amenizoea.

Rangi ya mwisho niliipakia pale pale senta ya Nyantakara, kwenye baraza la duka la dawa za mifugo, watu wamenizunguka wananishauri. Halafu nikabeba boksi mikononi kama mtu aliyebeba mayai, nikaenda kwa miguu.

Uani kwa binti yake wajukuu walikuwa wanacheza mpira. Nikatazama mpira. Ulikuwa lile donge, wamelivisha mfuko na kulifunga kamba. Makosa ya Fundi ya miaka yote, na lile moja langu, yanapigwa mateke na watoto wa chekechea.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Amekaa kabisa, kitako, mikono imelala mapajani inatetemeka yenyewe kama majani. Sikuwahi kumwona amekaa. Hilo lilinishtua kuliko ukungu wa jicho.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Cheche. Umekonda au ni macho yangu?"

"Ni macho yako."

Nikafungua boksi. Nikaanza kueleza. Akainua mkono. "Kwanza tusalimiane." Akauliza mke wangu. Akauliza mtoto mmoja mmoja. Akauliza senta, akauliza mwenye unga, nikasema mlango unafunga vizuri, sikusema zaidi. Binti yake akaleta maharage na ndizi. "Fundi, rangi..." "Karibu chakula." Akaombea chakula. Aliwaombea wakulima, wapishi, wasafiri, marehemu, wale mafundi wote walioko njiani, na mimi jicho moja limefumba, la pili liko kwenye boksi, naona kabisa rangi inavyogandia tepu. Nikala bila kutafuna. Nikasimama.

"Kaa," alisema.

"Fundi, itashika!"

"Umepaka pale kwenye dawa za ng'ombe, ulipofika tu, harufu yake umekuja nayo. Nimeinusa ulipoingia uani, ilikuwa bado maji. Kaa."

Nikakaa. Watoto wakapiga donge. Donge likagonga ukuta, likarudi. Sijui tulikaa muda gani. Akanyoosha mkono, nikamsogezea helmeti, akapitisha ukucha ukingoni. Ukucha ulikuwa unatetemeka mpaka ulipogusa tepu, hapo ukatulia.

"Sasa. Bandua."

Nikakunja tepu ijirudie. Nikavuta, mtoto amelala mgongoni, mtoto amelala mgongoni. Pikipiki ikapita barabarani inapiga honi. Nikaisikia, ikapita. Tepu ikazunguka kichwa chote cha helmeti mpaka ikatoka, ndefu, mkononi mwangu.

Helmeti hakuitazama. Aliomba tepu. Akaigeuza upande wenye gundi, akaileta karibu na lile jicho zima mpaka ikagusa kope, halafu akaipitisha kwenye midomo, kwa sababu vidole havikuwa vya kuaminika tena. Alisoma yote. Karibu na mwisho akasimama.

"Hapa."

Nikaangalia. Alama moja, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Nikaanza kucheka, maana ningefanya nini tena? Nikamwita mtoto alete mpira. Fundi akaichukua tepu kwa meno na mkono, akaikata pale pale penye alama. Kile kipande kifupi akakibandika kwenye donge, akakikandamiza vizuri, akamrudishia mtoto acheze.

Halafu akashika ukuta, akasimama. Mwimo wa mlango wa binti yake ulikuwa mbao tupu. Alijaribu kubandika ile iliyobaki, mkono ukakosa, akajaribu tena, ukakosa. Nikanyanyua wa kwangu kumsaidia.

"Bado," alisema.

Nikasubiri.